Sauti Inayofika Jioni

Poni, mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Logiri kumuaga mama mdogo, na nyumba imebaki na wanaume wawili wasiojua kupika. Lemi amelala usingizi wa mchana. Nimefunga karakana mapema, nimebeba benchi mpaka kivulini, na ninaandika kabla hamjarudi, maana ukiwa mbele yangu maneno hunikwama. Unanijua. Kesho nitapakia sanduku lako kwenye basi, nitasema, "Haya, safari njema," na nitasema hivyo kana kwamba unakwenda Arua kununua vipuri na utarudi kabla ya giza.

Mambo ya kula, ya kulala na ya kujihadhari na watu, mama yako amekwisha kukuambia, na nadhani hata sasa anakuambia tena njiani. Mimi nataka kukuambia habari za ile kompyuta ndogo. Utasema unaijua kuliko mimi, na ni kweli. Lakini habari yake ina upande mmoja ambao huujui, upande wangu, na sitaki uende Mbarara bila kuusikia.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii. Mimi Mkakwa wa Abuku, mama yako Mlugbara wa upande wa Aru. Tulipokutana mpakani Vurra mimi nilikuwa nimelala chini ya lori la mtu, nafungua gia, na yeye alikuwa anasubiri watu wa forodha wamalizane na magunia yake ya maharage. Hatukuwa na lugha nyingine ya kutaniana. Kiswahili cha kuandika nilikuwa nimekitoa Eldoret, kwenye gereji nilikofanya kazi ujanani. Basi ndicho kilichowalea, wewe na mdogo wako. Nasema nyote wawili, ingawa Lemi hajawahi kukitamka kwa ulimi wake.

Ulikuwa bado mdogo sana alipozaliwa. Hewa ilichelewa kumfikia, walituambia hivyo, na mwili wake ukakakamaa ukabaki hivyo. Mikono inakwenda inakotaka yenyewe, na ulimi pia. Lakini macho tangu mwanzo yalikuwa ya mtu anayefuata kila neno. Wageni walikuwa wanamzungumzia mbele yake kana kwamba wanazungumzia kiti. "Huyu mutoto anasikia kweli?" Na wewe, meno ya mbele hayajaota tena, ukawa unajibu: "Anasikia. Na wewe hakupendi."

Wewe ndiye uliyemfundisha herufi. Ulikuwa ukitoka shule unazichora kwa mkaa sakafuni, unamshika kichwa aone, unamuuliza. Macho juu, ndiyo. Macho chini, hapana. Mama yako alikuwa anapigana na sakafu ile kila Jumamosi. Mimi niliona ni mchezo wa watoto. Nilikuwa narudi na mafuta ya injini mikononi, nanawa, nakula, kisha nambeba Lemi kumpeleka kitandani, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu na yeye: uzito wake kifuani pangu kutoka kitini mpaka kitandani. Niliamini yanatosha. Baba yangu hakuniambia mengi zaidi ya hayo, nami nilikua.

Halafu mchungaji akatuletea ile laptopu kuukuu, na wewe ukaiwekea ile programu. Herufi zinawaka moja baada ya nyingine kwenye kioo, Lemi anasubiri, anapiga kitufe kwa goti, na herufi iliyowaka inaandikwa. Neno likikamilika, mashine inalitamka. Kitufe ulikitengeneza kwa swichi ya taa ya breki uliyoichukua karakana bila kuniomba. Niliitafuta swichi ile siku nzima, nikamlaumu kila mtu aliyepita.

Siku Lemi alipotoa sentensi yake ya kwanza sikuwapo. Nilisimuliwa na mama yako usiku, huku anacheka na kufuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Unajua mutoto wako alisema nini? 'Sipendi uji wa mtama.' Miaka yote hii mimi namupa! Kila asubuhi! Kwa nini hakusema?"

"Angesemaje, mama Poni?"

Kisha akacheka tena, lakini si kicheko kilekile.

Laptopu ile haikukaa sana. Ilizima siku moja, ikakataa kuwaka, na Lemi akarudi kwenye macho juu na macho chini. Hiyo ndiyo sababu ya safari yetu ya Arua. Umeisahau? Mimi naikumbuka kwa sababu ya yule mama wa Bunia, Mama Neema, mwenye duka la kompyuta zilizotumika, aliyetuwekea mbili mezani kama mtu anayepanga samaki. Moja ilitoka ofisini kwa watu, nzito, ina feni. Nyingine ilikuwa kisanduku kidogo unachoweza kukificha kiganjani, hakina hata feni.

"Hii iko na nguvu," alisema akiigonga ile kubwa. "Mutu anafanya nayo kazi yote, haichoki."

"Inakula wati ngapi?" ukauliza.

"Kula? Dada, hii haikule. Iko kompyuta."

Alikuwa anatania, na mimi nilicheka pamoja naye. Wewe hukucheka. Ulizigeuza zote mbili, ukasoma maandishi madogo ya chini, kisha ukanivuta nje barazani. Ukaniambia kwamba ndani ya kila kompyuta kuna prosesa, chipu inayofanya hesabu zote, na kwamba prosesa ya ile kubwa imejengwa kwa wati sitini na tano, na ya ile ndogo kwa wati sita tu. Betri yetu ya sola, ukasema, ni kama jerikeni la maji, na wati ni ukubwa wa tundu lililo chini yake. Ulieleza vizuri. Hata yule mama aliyekuwa anauza nyanya pembeni alikuwa anasikiliza.

"Bei yake karibu ni moja," nikakuambia. "Mtu akikupa pikipiki mbili kwa bei moja, hii yenye injini ya mia moja na hii ya mia mbili, utachukua ipi?"

"Inategemea petroli ni ya nani, baba."

Nilikasirika kidogo, kwa sababu lilikuwa jibu zuri.

Lakini sikukuambia kilichokuwa moyoni. Nilikuwa nimewasikia watoto wa jirani wakiigiza sauti ya ile laptopu, sauti ya mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Walikuwa wanaziba pua na kusema "Si-pen-di u-ji," halafu wanakimbia. Na pale dukani ulikuwa umetusikilizisha sauti ya pili ya programu ile, ile iliyojifunza kwa kusikiliza mtu halisi akisoma. Ilikuwa sauti ya mwanaume, yenye pumzi, yenye lafudhi ya Kongo. Kwenye ile kubwa ilitoka palepale. Kwenye ile ndogo ilisubiri, ikajivuta, ikatoka baada ya sisi kukata tamaa. Nikamwona Lemi akiwa kijana mwenye sauti ya mwanaume. Nikaona watoto wale wakinyamaza. Mimi ni mtu wa injini, Poni. Maisha yangu yote watu wameniletea kitu kinachoshindwa kupanda mlima, na nimekuwa nawatafutia nguvu. Nikasema tunachukua kubwa.

Ukasema, "Sawa, baba." Una namna ya kusema "sawa, baba" ambayo inafunga mlango polepole, bila kishindo. Njia nzima mpaka Koboko ulikuwa unatazama nje.

Wiki zile za kwanza nilijiona nimeshinda. Karakana ilikuwa bado kule barabarani siku zile, na asubuhi nilikuwa naondoka kabla hamjamweka Lemi kwenye kiti, na mchana watu walikuwa wanajaa hapa kumsikiliza. Mama yako alijivuna. "Anasema kama watu wa kwetu, wa Aru kabisa." Feni ya mashine ilikuwa inavuma kama nyuki. Na kila alasiri, jua likiwa bado juu, betri ilikuwa inaisha, ile inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, inapiga mlio wake, na kila kitu kinazimika. Nilipokuwa narudi jioni nilikuta kijana amekaa mbele ya kioo cheusi.

Basi nikawa nasimuliwa. Leo amesema anataka kuliona daraja la Pakwach. Leo amemwambia mchungaji kwamba mahubiri ni marefu. Leo ameuliza kama ng'ombe huota ndoto. Mama yako alikuwa ananihifadhia maneno yake kama anavyonihifadhia chakula, ameyafunika vizuri, lakini yamepoa. Nilikuwa nacheka mahali pa kuchekea. Kisha nambeba mpaka kitandani kama zamani. Niliponunua mashine ile nilidhani namnunulia mwanangu sauti, na sikuwa nimeisikia hata siku moja ikisema neno kwangu. Jumapili, siku nisiyofanya kazi, nyumba ilikuwa inajaa watu baada ya ibada na betri ilikuwa inaisha mapema zaidi. Sikulalamika. Ningemlalamikia nani? Mimi ndiye niliyechagua.

Ikaja Jumapili ile ya mvua. Watu hawakuja. Mama yako alikuwa jikoni, wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka unamenya muhogo, mimi nakunywa chai. Kitufe kikaanza: tak. Kimya kirefu. Tak. Sikuwa na habari kwamba inachukua muda mrefu hivyo. Uso wake ulikuwa umeloa jasho. Halafu ile sauti nzuri ya mwanaume ikasema:

"Sauti nzuri inakufa mchana. Baba anarudi jioni. Nataka ile mbaya."

Hukuinua kichwa. Uliendelea kumenya muhogo, na hata sasa sijui kama ulikuwa umelijua jambo hilo siku zote. Mimi niliweka kikombe chini, nikasema naenda kuangalia paneli kama maji hayaingii. Upande wangu ambao huujui ni huu. Sikuangalia paneli yoyote. Nilisimama nyuma ya nyumba, chini ya mchirizi wa bati, maji yakiniingia shingoni, na nilikuwa nafikiri jambo moja tu: tulikwenda Arua, tukabishana barazani, mimi na wewe, wati na nguvu, mpaka muuza nyanya akasikiliza, na hakuna aliyefikiri kumuuliza yeye. Alikuwa na herufi zake zote. Alikuwa na macho yake, juu na chini. Swali la ndiyo au hapana lingetosha. Na kumbe alichotaka si sauti ya kuwafunga watoto midomo. Alikuwa anataka niwe nimo ndani ya nyumba wakati anaongea.

Nilikaa pale mpaka nilipopata uso wa kurudi nao ndani.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tena kwa Mama Neema na ile mashine kubwa kwenye mfuko, maana sauti ile mbaya hata ile ndogo inaiweza, tena kwa umeme mdogo.

"Mzee," akasema, "si siku ile ulisema hii ndogo iko ya watoto?"

"Ni ya mtoto," nikamwambia. "Mwenyewe ameichagua."

Akatubadilishia bila maneno mengi. Nashukuru hukusema chochote njiani. Ungekuwa na haki.

Mambo ya kuipima na kuirekebisha nayakumbuka kama siku nzuri kuliko zote nilizokaa na wewe. Kwanza uliiondoa ile inveta kabisa, ukaifungia mashine kifaa kidogo cha kutuliza volti, ikawa inakunywa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kisha ukaingia kwenye ule ukurasa unaotokea kabla mashine haijaamka sawasawa, ukaniita nione. Ukanionyesha mahali pa kuizuia prosesa isipige mbio za ghafla, na mahali pa kuiwekea kikomo cha wati. Ukapunguza mwanga wa kioo. Ukazima mtandao usiotumika. Kila jioni ulikuwa unashusha kikomo hatua moja, na kila siku betri ilikuwa inachelewa kuisha, na wewe unafurahi kama mtu anayefuga.

Mpaka ukapitiliza. Nilikuwa nyumbani siku ile na malaria yangu, nikaona. Lemi alikuwa anataka kuandika "maji". Mashine ilikuwa imeshushwa mno. Zile herufi zikawa zinasita, kisha zinaruka, na goti lake likipiga, herufi anayoitaka imekwisha kupita. Akafuta. Akaanza tena. Zikaruka tena. Mara ya mwisho alikipiga kile kitufe mpaka kikaanguka, na akatoa ule mlio wake, ule wa kooni, ambao hatukuwa tumeusikia tangu mashine iingie humu ndani.

Wewe ulikuwa unataka kushusha zaidi sehemu nyingine. Ulikuwa umeshikilia kubana umeme kama mimi nilivyokuwa nimeshikilia nguvu, na nilijiona usoni mwako, mwanangu, na nilikuhurumia. Nikakuambia kitu pekee nilichokuwa nacho, cha karakana: pikipiki ikiwa imesimama, mimi hupunguza ile skrubu ya kabureta mpaka injini ikohoe, kisha narudisha kidogo. Naiacha pale inapopumua bila kuhangaika.

"Unarudisha kiasi gani?" ukauliza.

"Naisikiliza."

Safari hii tulimuuliza Lemi mwenyewe. Ulipandisha hatua moja, ukamwambia aandike lolote, ukamtazama. Macho chini. Ukapandisha nyingine. Macho chini, lakini si chini sana. Nyingine tena. Herufi zikawa zinatembea kwa mwendo mmoja kama mtu anayekwenda kisimani, na macho yake yakapanda juu yakakaa huko.

Wiki hiyohiyo nilipona nikarudi kazini. Jioni nilikuja nasukuma pikipiki ya mwalimu, ile inayomsumbua kila mwezi. Nilipofika mlangoni nikaona mwanga wa kioo ukutani. Nilisimama. Kulikuwa kimya, halafu tak, tak, na ile sauti mbaya, ile ya ndani ya pipa, ikasema:

"Karibu baba. Umechelewa."

"Pikipiki ya watu imenisumbua," nikasema.

Tak. Tak.

"Ya nani?"

"Ya mwalimu."

Nikasubiri. Nilikuwa bado nimesimama na kofia mkononi.

"Tena?"

Tulizungumza habari ya pikipiki ya mwalimu mpaka chakula kikapoa. Aliniuliza kwa nini nisimwambie mtu yule auze. Nilimwambia akiiuza sisi tutakula nini. Akacheka kwa mwili mzima mpaka kiti kikasogea. Poni, nimeishi miaka mingi, nimezaa, nimezika, nimevuka mipaka. Sina jioni nyingine ninayoweza kuiweka kando ya ile. Na haikuwa na jambo lolote ndani yake ila pikipiki mbovu.

Ile sauti nzuri anaitumia Jumapili tu, na anapomsalimia bibi, wakati betri imejaa. Anaiita sauti ya viatu, maana viatu naye huvivaa Jumapili. Ya kugombana nawe ni ile ya kila siku.

Sasa nije kwenye jambo la chuo, ambalo tumelipita kwa haraka wote kama watu wanaopita nyumba yenye mbwa. Jibu lilipokuja kwamba wamekupokea Mbarara, nilikuita karakana, nikakuambia, "Subiri mwaka mmoja. Mashine ikiharibika, nani ataishika?" Ukasema, "Sawa, baba." Mlango uleule, polepole. Ukachukua jerikeni ukaenda kisimani. Nilijua nimefanya nini, na bado nilihisi nafuu, na hilo la nafuu ndilo linaloniuma. Nilijiambia ni kwa ajili ya Lemi. Kusema kweli nilikuwa naogopa nyumba isiyo na wewe. Unapoisubiri mashine iamke unaimba puani, wimbo usio na maneno, na mimi huacha kugonga chuma ili niusikie. Hukuwahi kujua. Basi mwaka mmoja wa wimbo huo nilitaka kuuchukua kutoka kwako na kuuita kazi.

Karakana, tangu niihamishie nyumbani, inatenganishwa na chumba cha Lemi kwa ukuta wa mbao tu, naye alikuwa amesikia yote. Nilipoingia ndani alikuwa amekwisha kuanza. Nilikaa mbele yake. Mama yako alikuwa sokoni. Ilichukua muda mrefu sana, na sikumkatiza kwa kubahatisha neno kama tulivyozoea, kwa sababu aliniangalia kwa namna ya kunikataza.

"Poni aende. Mashine nitamfundisha baba."

"Na wewe je?" nikamuuliza. "Huyu ndiye mikono yako."

Tak. Kimya. Tak.

"Mimi ndugu yake. Si kazi yake."

Uliporudi na maji nilikuambia nimefikiri upya, uende. Ulinishukuru mimi. Nilipokea shukrani isiyo yangu, na nimekaa nayo miezi hii yote kama kitu cha jirani ambacho hujarudisha. Sasa unajua ni ya nani.

Na kweli amenifundisha. Umetuona tukianza, lakini hujaona mengine, kwa sababu tulikuwa tunangoja utoke. Mara ya kwanza nilibonyeza kitu, kioo kikawa cheusi, na mwalimu wangu akiwa ndani ya kioo hichohicho hakuweza kuniambia nimebonyeza nini. Tulitazamana. Niliuliza swali moja moja, macho juu, macho chini, nikarudi nyuma hatua kwa hatua kama mtu aliyeingia shimoni gizani, mpaka ikawaka. Neno lake la kwanza lilikuwa "Mjinga." Kisha, baada ya muda, "Sote."

Ile wiki ya mawingu, ulipokwenda Arua kushughulikia picha zako za chuo, betri haikujaa hata siku moja. Nilishusha kikomo mwenyewe. Yeye alikuwa ananiamuru. "Shusha." Nikashusha. "Tena." Nikashusha. "Basi. Inakohoa." Nikarudisha kidogo. Tulifika usiku tukiwa na maneno bado. Sikukuambia uliporudi; nilitaka ukute imetulia tu, udhani ni jua.

Kwa hiyo nenda bila kutazama nyuma kwa sababu hiyo. Kwa sababu nyingine zote, tazama. Huko Mbarara utapewa mashine kubwa kuliko hizi zote, na watu watakuuliza ina nguvu kiasi gani, na utafurahi, na ni haki yako kufurahi. Mimi sina la kukufundisha kuhusu hizo. Ninachokijua ni kwamba nilikosea mara mbili kwa jambo lilelile, mara ya kwanza kwake na mara ya pili kwako, na mara zote mbili mwenyewe alikuwa karibu, anaweza kuulizwa.

Niliacha kuandika hapa kidogo. Lemi ameamka. Nimemkalisha, nimemfungia mkanda, nimewasha mashine, na nimerudi kwenye benchi lakini nimelivuta mpaka mlangoni. Ameniuliza naandika nini. Nimemwambia barua ya Poni. Nikamuuliza kama ana neno la kuongeza.

Amekaa kimya, na nilidhani hana. Kisha akaanza. Jua limehama kutoka kwenye mguu wangu mpaka kwenye kizingiti wakati anaandika. Amesema:

"Simu. Watu wanakata."

Sikuelewa mara moja. Akaendelea. Mjomba wenu alipopiga simu kutoka Aru, mama yako alimwekea Lemi simu sikioni, mjomba akasema "Halo, Lemi, habari?" Lemi akaanza kutafuta herufi. Mjomba akasema halo tena, halo, akadhani mtandao umepotea, akakata. Lemi alikuwa amebakiza herufi mbili. Anasema hiyo imetokea kwa watu wengi, na huwa hasemi, kwa sababu wanapopiga tena wanakuwa na haraka.

Basi hili ndilo agizo langu moja, na si langu. Ukitupigia, mimi nitasema machache, mama yako atasema mengi, halafu simu itawekwa karibu na mashine na hutasikia kitu. Hutasikia hata pumzi. Utadhani tumeondoka, au mtandao umekufa, na huko kwako watu watakuwa wanakuita. Usikate, Poni. Kaa hapohapo na simu yako sikioni. Huyo ni mdogo wako, anakuja.

Baba yako,
Koboko